Mwanya wangu unazidi kupanuka na nina miaka 43. Nifunge nyaya za meno?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nafundisha hisabati katika shule ya sekondari huku Arumeru. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, na watu wa huku wote wanajua maji yetu yanavyoyafanya meno. Yangu yaliota yakiwa na rangi ya kahawia, na yale ya mbele yana vishimo vidogo vidogo. Nilipopelekwa shule ya bweni mbali na nyumbani, wenzangu walinibatiza jina la Kutu. Nikaona kupiga mswaki ni kazi bure, maana nipige nisipige, rangi ni ile ile. Nilikuwa napiga siku nikikumbuka, na chuoni hata kukumbuka nikaacha.

Daktari wa meno nilimwona kwa kung'oa tu. Gego la chini la kushoto lilitoka nikiwa kidato cha pili, la kulia nikiwa chuo, na la juu moja nikiwa nimeshaoa. Habari ya kuziba sikuambiwa, nami sikuuliza. Maumivu yalikuwa makali, nilitaka yaishe.

Sasa miaka miwili mitatu hii meno yangu ya mbele ya juu yameanza kutokeza nje na kuachana. Ujanani sikuwa na mwanya. Mwanzoni mke wangu alitania kwamba nimepata urembo ukubwani, na mimi nikacheka naye. Lakini unazidi kupanuka, na sasa nikisema neno lenye "s" kuna upepo unapita. Kuna jino moja la chini nikilisukuma kwa ulimi linacheza kidogo. Damu hutoka nikipiga mswaki, ila hiyo nimeizoea tangu chuo.

Mwaka huu nimeteuliwa kuwa makamu mkuu wa shule. Nasimama paredi asubuhi, napokea wazazi, naongoza vikao. Nimekuwa mtu wa kuongea na kiganja mdomoni. Kwenye picha za mahafali utanidhani nimefiwa. Nina akiba kama milioni 3 kwenye saccos yetu ya walimu na nimeamua kufunga nyaya za meno. Nilikwenda kliniki moja mjini. Kijana aliyevaa koti jeupe aliniangalia kwa tochi ya simu, akasema nije Jumamosi na laki nane ya kuanzia, nafungwa siku hiyo hiyo, na baada ya mwaka meno yatakuwa yamenyooka. Nikauliza habari za eksirei, akasema kwa mtu mzima si lazima.

Kabla sijalipa naomba ushauri. Kaka yangu amenicheka, anasema mwanaume mzima karibu niitwe babu nifunge vyuma kama binti wa chuo. Mwalimu mwenzangu anasema nisipoteze hela, nichukue vile vimpira vya kusukia nywele za watoto niyafunge hayo meno mawili usiku, yatarudiana yenyewe. Na linaloninyima usingizi ni binti yangu wa kwanza. Ana miaka 13 na chonge zake zimeota juu juu, zimepanda meno mengine. Fedha inatosha mtu mmoja. Nikijifunga mimi, nitamtazama vipi?

Mwisho, Shangazi, usinicheke. Naona aibu kumfunulia daktari mdomo huu. Na pia huwa nachezesha mechi za UMISSETA, sijui nitapuliza vipi filimbi.

Makamu, Arumeru

*

Marahaba, mwanangu.

Hiyo laki nane usiipeleke. Jumamosi kaa nyumbani, au nenda kachezeshe mpira.

Umeniandikia mistari mingi kuhusu mwanya, halafu damu ukaipa sentensi moja na jino linalocheza ukalipa nyingine, tena zote mbili kwa kupita njia. Mimi hayo mawili ndiyo yaliyonisimamisha. Nilimsimulia barua yako daktari wa meno ninayemwamini, bila kukutaja, na hata sijafika kwenye habari za nyaya akanikatiza: "Damu inatoka? Na meno hayakuwa yameachana zamani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema huyo hajaja kwa ajili ya kupangwa meno, amekuja kwa ajili ya fizi, ila mwenyewe hajui.

Mtu ambaye meno yake yamepandana kwa asili huwa nayo hivyo tangu yalipoota. Yako yalikaa sawa miaka zaidi ya ishirini, kisha ukiwa karibu na arobaini yakaanza kusogea. Meno ya mtu mzima hayahami bila sababu, na sababu ambayo madaktari huitafuta kwanza ni ugonjwa wa fizi uliokwisha kushuka hadi kwenye mfupa. Unaanza na ule utando laini unaonata kwenye meno mtu asipopiga mswaki. Ukiachwa hugeuka ugaga, mgumu kama jiwe, na mswaki hauutoi tena. Ugaga huingia chini ya fizi, fizi huvimba na kutoa damu, na taratibu, kimya kimya, mfupa unaoshikilia mizizi ya meno hupungua. Hauumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Gego lililooza hukuamsha usiku ukakimbilia kung'oa, lakini fizi zinaweza kuugua miaka kumi na mtu akasema "nimezoea".

Kwako kuna jambo la pili juu ya hilo. Magego yako ya chini ya pande zote mbili yameondoka na hakuna kilichowekwa mahali pake. Magego ndiyo yanayobeba uzito wa kutafuna. Yakiondoka, meno ya nyuma yao huinamia kwenye pengo, ya juu hushuka kutafuta mwenzake aliyepotea, na nguvu ya kuuma husogea mbele, kwenye meno membamba ambayo hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Kila ukitafuna, meno ya chini huyasukuma ya juu kuelekea nje. Ukiwa na mfupa mzima yangeweza kuvumilia. Mfupa ukiwa umepungua yanatawanyika, na wewe unaona mwanya.

Sasa fikiria kijana wa tochi angekufunga siku hiyo. Nyaya hazinyooshi jino kama mtu anavyonyoosha msumari. Jino halijagandishwa kwenye taya, limeshikwa na nyuzi laini sana kati ya mzizi na mfupa. Waya ukilisukuma polepole, mwili wenyewe huula mfupa upande unaobanwa na kujenga mpya upande linakotoka, na jino husafiri. Kazi hiyo huwezekana ukiwa na miaka 13, 43 au 60, kwa hiyo umri si hoja, ijapokuwa kwa mtu mzima mara nyingi huenda polepole kidogo. Lakini inahitaji fizi tulivu. Fizi zikiwa zimewaka, mfupa unaoliwa haujengwi ipasavyo tena. Ni kuitikisa nguzo ya ua wakati mvua ya masika imelowesha udongo: utaona inasogea vizuri, utafurahi, halafu itabaki mkononi. Mtu anaweza kulipa mamilioni ili ayapoteze meno yake kwa mstari ulionyooka.

Ndiyo maana namwogopa anayeahidi kufunga nyaya siku ya kwanza bila eksirei. Kwa mtu mzima eksirei ni lazima kuliko kwa mtoto, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Picha nzuri za meno zinazobandikwa ukutani kliniki hazionyeshi hilo. Na ahadi ya mwaka mmoja kwa mdomo ambao hajaupima ni ya kumvutia mteja tu. Kazi kama hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, nyingine zaidi.

Fanya hivi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, au ukiweza KCMC kule Moshi, au kwa daktari wa meno mwenye kliniki yake ambaye jina lake limo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Usiseme umekuja kufunga nyaya. Sema: fizi zinatoa damu, jino moja linacheza, na meno ya mbele yameanza kuachana. Ukisema hivyo atakushughulikia kama mgonjwa, si kama mteja wa urembo. Atapita kila jino na kifaa chembamba chenye alama za milimita, akipima nafasi iliyopo kati ya fizi na jino. Milimita 1 hadi 3 ni za kawaida. Kuanzia 4 kwenda juu, pamoja na damu, kuna ugonjwa. Mwombe akusomee namba kwa sauti na uziandike, wewe ni mwalimu wa hisabati, zitakusaidia kuona baadaye kama unapona.

Kisha atakusafisha, si ule usafi wa juu juu wa dakika kumi. Ugaga ulio chini ya fizi husafishwa kwa ganzi, pengine upande mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Usishtuke baada ya hapo fizi zikionekana zimerudi nyuma na meno yakawa marefu zaidi. Ule ulikuwa uvimbe, umeshuka, na unachokiona ni pale fizi zilipokuwa zimefika kweli. Meno yatauma kwa vitu baridi kwa muda. Ukikaa kama miezi mitatu unarudi, anapima upya. Hapo ndipo neno "nyaya" linaweza kutajwa, kama damu imekoma na zile namba zimeshuka. Zisiposhuka, unasafishwa tena na kusubiri tena.

Na siku ile ya kwanza unayokwenda kwa daktari pima sukari. Hukuniambia una kisukari na sisemi unacho. Lakini kisukari na ugonjwa wa fizi hukuzana: sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kushika. Wako watu wa umri wako waliogundua kisukari kwa kuanzia mdomoni. Kama unavuta sigara au unaweka ugoro, mwambie daktari ukweli, kwa sababu tumbaku huficha hata hiyo damu, fizi zikaonekana nzima kumbe zimekwisha.

Nije kwenye mswaki, maana kosa lilianzia kwenye fikra moja uliyoipata ukiwa mtoto na hakuna mtu mzima aliyekusahihisha. Ile kahawia haiko juu ya jino, imo ndani ya jino. Madini ya floraidi kwenye maji ya kuzunguka Mlima Meru yaliingia wakati jino linaundwa, kabla halijaota. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na mito ya huko kwenu inayopita kiasi hicho mara nyingi. Kwa hiyo ni kweli, mswaki haungeitoa rangi, wala mkaa, wala ndimu, wala hiyo magadi ambayo wengine husugulia. Lakini kazi ya mswaki haijawahi kuwa rangi. Kazi yake ni ule utando, na utando hauchagui jino jeupe wala la kahawia.

Anza leo, usisubiri daktari. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili kamili, ukiulaza kwenye mpaka wa fizi na jino. Damu itazidi siku za kwanza, wengi huogopa wakaacha, wewe endelea. Dawa ya meno yenye floraidi tumia bila hofu, meno yako yamekwisha kuundwa, hayataongezeka rangi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno, au vile vimswaki vyembamba ambavyo kwa mwanya wako vitapita kirahisi.

Rangi nayo ina habari yake siku ukifika kwenye nyaya. Vile vibati vidogo vinavyoshikilia waya hubandikwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo hushika vibaya zaidi kwenye meno yaliyoathiriwa sana na floraidi. Daktari anayejua hilo huyaandaa meno tofauti, na hata hivyo huenda vikabanduka kimoja kimoja mara kwa mara. Mabingwa wa Arusha na Moshi wanayaona meno kama yako kila wiki, hiyo ni faida yako ya kutibiwa karibu na nyumbani. Nyaya zenyewe hazitabadilisha rangi. Likija suala la weupe, lifanye mwisho kabisa, baada ya nyaya kutoka. Kuna namna ya kukwangua tabaka jembamba la juu, na kuna kufunika kwa utomvu mgumu wa rangi ya jino. Usiruhusu mtu akuuzie hivyo kabla meno hayajakaa mahali pake.

Aibu. Huyo daktari ameona midomo ambayo wewe huwezi kuifikiria. Kitakachomshangaza kwako ni kwamba ulikuja bila maumivu. Ukishindwa kuanza mazungumzo, mpe barua yako hii asome. Akianza kukugombeza kama mtoto, una haki ya kusema "nimekuja nitibiwe", na akiendelea, wapo wengine.

Sasa huyo mwalimu mwenzako. Mwambie Shangazi amekataa, na amekataa kwa ukali. Mzizi wa jino ni mwembamba kadiri unavyopanda. Kimpira ukikifunga kwenye meno mawili ya mbele hakibaki pale ulipokiweka, hupanda taratibu kuelekea kwenye fizi, kikaingia chini yake, ukaamka asubuhi hukioni ukadhani umekimeza. Kumbe kinapanda na mzizi, kinakata zile nyuzi na kula mfupa pande zote. Madaktari wamekuta watu, wengi wao watoto, meno mawili mazima yasiyo na tundu hata moja yakiwa yananing'inia, na walipofunua fizi wakakuta mpira. Mara nyingi meno hayo hayaokoki. Kwa mfupa wako uliokwisha kupungua ingekuwa kazi ya muda mfupi tu. Na vile vyuma vya mapambo vinavyouzwa mitandaoni, vya kupachika mwenyewe, navyo ni vya jamii hiyo hiyo.

Kaka yako usimjibu kwa maneno mengi. Mwulize yeye fizi zake zinatoa damu? Amekulia maji hayo hayo.

Binti yako ndiye nimemfikiria zaidi. Wewe unaona fungu moja la milioni 3 na watu wawili. Mimi naona matibabu matatu yasiyolingana bei wala haraka. Kutibu fizi zako ni kutibu ugonjwa, gharama yake ni sehemu ndogo ya akiba yako, na bima yako huenda ikabeba kiasi, kaulize kabla hujalipa chochote. Hilo ni la kwanza na halina mjadala. Baba aliyejinyima matibabu ili aonekane mwema hamsaidii mtoto. La pili ni nyaya za binti. La tatu ni nyaya zako.

Ndiyo, nimemweka mbele yako kwenye nyaya, na sijafanya hivyo kwa kuwa yeye ni mtoto na wewe umezeeka. Kwako hata kwa haraka zote kuna miezi ya kusubiri fizi zitulie. Yeye hana cha kusubiri kama meno yake ni safi. Miaka 13 ni umri mzuri, meno ya ukubwani mengi yameshatoka na taya bado linakua. Mpeleke siku ile ile unayokwenda wewe, apigwe eksirei, aone baba yake anakaa kwenye kile kiti bila kukimbia. Chonge kuota juu mara nyingi ni nafasi tu iliyokosekana, na daktari ataamua kama itatafutwa kwa kupanua au kwa kutoa meno mengine. Mwulizeni pia mama na bibi kama aling'olewa "meno ya plastiki" alipokuwa mchanga. Najua wengi huko nyumbani walifanyiwa watoto wao walipoharisha na kupata homa. Yale hayakuwa meno ya ajabu, zilikuwa ni chonge za utotoni ambazo hazijaota, na kuzichimbua huweza kuharibu au kuhamisha za ukubwani zilizo chini yake. Daktari anatakiwa kujua.

Hela nayo hailipwi yote siku moja. Kliniki nyingi hupokea kianzio, kisha kiasi kila unapokwenda kukazwa waya, ambako ni kila baada ya wiki nne hadi nane. Akiba yako ya sasa inaweza kumwanzisha binti, na wakati fizi zako zinapona unaendelea kuweka.

Wale wawili wadogo hukuwataja, ila nitawataja mimi. Kama wako chini ya miaka minane, baadhi ya meno yao ya ukubwani bado yanaundwa sasa hivi, na maji wanayokunywa leo utayaona mdomoni mwao kesho. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunapunguza maji na floraidi inabaki, hivyo yanazidi kuwa makali. Kingeni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, au mpate maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa kama wanavyofanya kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo kwenu. Na magadi kwenye makande mpunguze, maana nayo huwa na floraidi.

Tuseme sasa mwaka ujao fizi zimepona na umefika kwa bingwa wa kupanga meno. Mapengo ya magego usikimbilie kuyajaza kwanza. Jino la kupandikiza kwa skrubu halisogei kamwe, likiwekwa kabla ya mpango linaweza kuzuia njia. Bingwa ataamua pengo lipi lifungwe na lipi libaki ili lijazwe baadaye. Muulize atatumia nguvu kiasi gani, na umsikie akisema "ndogo". Meno yenye mfupa pungufu yanavutwa pole pole. Utaendelea kusafishwa fizi kila miezi mitatu wakati wote wa nyaya, na hilo usikubali liachwe. Pia jiandae kwamba meno yakisogeleana, penye fizi zilizorudi nyuma vitabaki vipembetatu vidogo vyeusi kati ya jino na jino karibu na fizi. Daktari mkweli hukuambia hayo mapema.

Maisha ya kila siku na nyaya utayazoea upesi. Siku tatu hadi tano za mwanzo na baada ya kila kukaza, meno yatauma, panadol inatosha, kula uji na ndizi laini. "S" itakusumbua wiki moja paredi, wanafunzi watakuiga, watachoka. Nyama choma kata vipande vidogo utafune pembeni, mfupa waachie wengine. Mahindi ya kuchoma pukuchua punje. Miwa, kashata na ubuyu wenye mbegu sahau kwa muda. Chai yenye sukari ya kila mapumziko ya walimu ndiyo ningekuondolea kwanza kama ningekuwa na uwezo, inayaogesha meno sukari siku nzima. Filimbi utapuliza. Kibati kikichoma mdomo, bandika nta wanayokupa kliniki kisha puliza. Ukirudi kucheza badala ya kuchezesha, vaa kinga ya mdomo.

Kabla ya kusaini, muulize kama bei aliyokutajia ina kifaa cha kushikilia meno baada ya nyaya kutoka. Wengi hawakitaji hadi siku ya mwisho. Meno yaliyohama kwa sababu ya mfupa kupungua hurudi kuhama yakiachwa huru, kwa hiyo wewe utahitaji waya mwembamba uliobandikwa nyuma ya meno ya mbele, au kile cha kuvaa usiku, na si kwa mwaka mmoja. Ni kwa muda wote utakaotaka meno yabaki pale. Muulize pia bei ya kukitengeneza upya kikivunjika, na iandikwe kwenye karatasi ile ile.

Shangazi